Bakuli la Kukandia

Antena yetu ilikuwa waya wa kuanikia nguo.
Baba aliuvusha kutoka dohani ya jikoni
hadi paa la choo cha uani,
na jirani, Bibi Murgatroyd, akasema tumsikie
kwamba sasa radi imepewa anwani.

Halifax, mwaka wa ishirini na tatu.
Nilikuwa na miaka tisa, na surua,
basi sikwenda shule. Nilibaki na kile kisanduku:
kibweta cha sigara, koili ya shaba,
jiwe dogo linalometa kama makaa yaliyolowa,
na unywele wa waya wa kulipapasa.

Mjomba Seth ndiye aliyejua kupapasa.
Gesi ya vita ilimwachia vidole na masikio,
macho ikaenda nayo.
"Tulia," huliambia jiwe,
kama mtu anayemkamua ng'ombe wa wenyewe,
"tulia, mama, wapi panawasha?"
Na pale palipowasha, Manchester ikakohoa.

Saa tisa: bwana mmoja na ufugaji wa nyuki,
jinsi ya kuwatuliza kwa moshi.
Kwetu moshi ulikuwepo, nyuki hapana.
Mama alisikiliza hadi mwisho, pasi mkononi,
akasema, "Ana adabu yule. Hajamkatiza mtu."

Saa kumi na moja: majina ya watoto
waliozaliwa tarehe kama ile.
Mimi ni wa Machi. Nilingoja langu hata hivyo.

Jioni Baba akarudi na sufu kwenye nyusi,
Nyanya akashuka ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato,
Bibi Murgatroyd akaja kuazima sukari
bila kikombe.
Vichwa sita, visikilizio viwili.
Mama akachukua bakuli la kukandia unga,
akavilaza ndani, na bakuli likasema.
Tukaliinamia sote
kama watu wanaojifukiza.

Akaja mchekeshaji. Akatupa kichekesho
cha mkwewe na kasuku, kisha akatua.
Huko aliko hapakuwa na wa kucheka,
labda mapazia tu, labda kiti.
Kimya kile kilimning'iniza.
Mjomba Seth akacheka kwa nguvu, kumshusha.
"Hakusikii," akasema Baba.
"Najua," akasema Mjomba, akacheka tena.

Halafu zile dakika tatu. Ndivyo tulivyoambiwa:
kila baada ya muda kituo kifunge mdomo,
serikali isikilize kama kuna meli inayoita.
Baba akashindilia kiko. Nyanya akatafuta leso.
Mjomba hakuinua kichwa.
Alibaki juu ya bakuli tupu, mdomo wazi,
na Mama akaweka kiganja mgongoni pake
mpaka fidla zikarudi.

Sasa ilikuwa okestra ya hoteli, waltz.
"Thirza," akasema Mjomba, "simama."
Lakini tazama taabu yake:
ukiinua kichwa, muziki umekwisha.
Uko bakulini, chini, mdogo kama chawa.
Basi waliinama, wakachota,
wakaenda nao mzunguko mmoja, miwili,
kati ya meza na ndoo ya makaa,
Mama akimwelekeza kwa nyonga, aproni ikipepea,
hadi ulipowaishia viatuni,
wakarudi mbio kuchota mwingine.
Daima walikuta okestra imetangulia.
Daima walianza pale walipoikuta.
Sisi wengine tulisikia nyayo tu
na pumzi ya Mjomba, ile yenye filimbi ndani.

Nikapewa zamu ya mwisho peke yangu,
sikio langu la surua, la moto, juu ya udongo baridi.
Nikawaita waje wasikie: mtangazaji anaaga.
Sauti yake imepigwa pasi, yenye kola.
"Alamsiki," akasema, "kwenu nyote."

"Binuru, bwana," akajibu Bibi Murgatroyd,
ameinamia bakuli, mkono kifuani.
Akatutazama mmoja mmoja aone nani anacheka.
Akavaa shali yake,
akaondoka bila sukari.